Wakati wa Kutojirekebisha

Katika malezi yetu, kujirekebisha ni sifa isiyo na mpinzani. Mtoto huonywa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanafunzi hurudishiwa andiko lake likiwa limejaa wino mwekundu, akaambiwa akalifanyie masahihisho. Mwajiriwa huitwa mbele ya bosi kusikia wapi amepungukiwa. Sijawahi kumsikia mtu akisifiwa hadharani kwa sababu alionyeshwa kwamba amekwenda kombo naye akakataa kujirudi. Mtu wa namna hiyo ana jina lake, mkaidi, na methali imeshamhukumu: hafaidi mpaka siku ya Idi.

Nataka kuuliza kama hukumu hiyo ni ya haki kila mara. Je, kuna wakati ambapo kujirekebisha kwenyewe ndiko kunakoharibu? Na kama upo, mtu atautofautisha vipi na ukaidi wa kawaida?

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, na ingependeza kusema kwamba swali hili nimelitoa kwenye kitabu. Nimelitoa kwenye karakana ya milango na madirisha ya chuma huko Tabata, Dar es Salaam, ninakofanya kazi Jumamosi na wakati wa likizo kwa kuwa falsafa hailipi ada. Mwenye karakana alinunua meza ya kukatia chuma kwa plazima, inayoongozwa na kompyuta, ya bei ya wanaoanza: fremu, reli, mota nne, kompyuta kuukuu, na programu huria ya LinuxCNC. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana kuzoea kompyuta, nilikabidhiwa meza hiyo pamoja na saidia fundi mmoja, kijana wa miaka 20 mwenye macho makali kuliko yangu.

Ili swali langu lieleweke, inabidi nieleze kwanza meza inavyofanya kazi. Hewa ya kompresa husukumwa kupita kwenye tundu dogo la nozo, huku umeme ukiruka kutoka kwenye elektrodi kwenda kwenye bamba la chuma. Hewa hiyo hupata joto linalopita nyuzi 10,000 za Selsiasi, ikageuka plazima, ikayeyusha chuma na kukipuliza kitokee upande wa chini. Kichwa kinachotema moto huo huitwa tochi. Kompyuta huipitisha tochi juu ya bamba kwa kufuata mchoro, ua la geti likatoka kwa dakika chache, kazi ambayo kwa grenda ingechukua nusu siku.

Lakini ua hilo litatoka zuri au baya kutegemea kitu kidogo sana: nafasi kati ya ncha ya tochi na bamba. Kwa mashine ndogo kama yetu, wakati wa kutoboa tochi hukaa juu, kama milimita 3.8, ili chuma kinachorukia juu kisiizibe nozo. Ikishatoboa, hushuka mpaka kama milimita 1.5 na kuanza kukata. Ikikaa juu kuliko hapo, ukingo wa juu wa mkato hulika, kuta zikalala, na mavi ya chuma yakaganda upande wa chini. Ikikaa chini mno, nozo hugusa chuma, na hapo umeiua.

Mtu asiye na mazoea atauliza kwa nini usiipandishe tochi milimita 1.5 mara moja na kuiacha hapo. Jibu ni kwamba bamba si tambarare. Bamba la futi 8 kwa 4 hutoka dukani likiwa na mgongo wake, na likianza kukatwa, joto hulivuta na kuliinua. Kabla ya kila mkato mashine hushusha tochi taratibu mpaka iguse chuma, ikaandika kwamba hapo ndipo sifuri, kisha ikapanda. Hilo husaidia pale tu ilipogusa. Nusu mita mbele, bamba limeshainuka kuliko kimo chenyewe cha kukatia.

Kwa hiyo kimo lazima kirekebishwe njiani, wakati moto unawaka, na mashine haina macho. Haiwezi kuiona ile milimita moja na nusu. Inachoweza kuona ni umeme. Safu ya moto ikirefuka, volteji hupanda, ikifupika, hushuka. Basi tunaichukua volteji hiyo, tunaigawa kwa 50 ili isiunguze kompyuta, na kuipa programu kazi moja: shika volti 120. Zikizidi, shusha tochi. Zikipungua, ipandishe. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mashine hii dalili ya kimo ni volti.

Kwenye mstari mnyoofu jambo hili linapendeza kulitazama. Bamba linapanda, tochi inapanda nalo. Bamba linabonyea, tochi inalifuata. Hakuna anayeigusa. Ukiitazama utadhani imepata hekima.

Halafu inafika kwenye kona.

Tochi na reli zake zina uzito, haziwezi kugeuka ghafla zikiwa katika kasi kamili. Mashine hupunguza mwendo, hugeuka, kisha huongeza tena. Katika ile sehemu ya sekunde ambayo mwendo umepungua, moto hubaki mahali pamoja muda mrefu zaidi na kula chuma kingi zaidi. Mfereji wa mkato hupanuka. Moto sasa unalazimika kujinyoosha ili kuufikia ukingo wa chuma, safu yake inarefuka, volteji inapanda. Programu inasoma volti 128 na kukata shauri ambalo imekuwa ikilikata siku nzima kwa usahihi: tochi iko juu mno, ishuke. Inashuka, ingawa kimo kilikuwa sawa kabisa. Kona haijaisha, volteji bado iko juu, nayo inashuka tena, mpaka ncha inapiga bamba.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Kipimo hakikukosea, volti zilikuwa 128 kweli. Programu haikuasi, ilitii amri iliyopewa. Haikuwa na kiburi wala uvivu, na ilijirekebisha haraka na kwa bidii. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya dalili na kile inachokidalili. Kwenye mstari, volti zilikuwa zinasema habari za kimo. Kwenye kona, volti zile zile zilikuwa zinasema habari za mwendo. Mtiifu hakujua kwamba mada imebadilika.

Waliotengeneza programu hizi walilijua tatizo hilo zamani, na dawa yake ni rahisi. Unaiambia mashine: mwendo wako ukishuka chini ya kiwango fulani cha kasi uliyoamriwa, tuseme asilimia 90, acha kusikiliza volti. Shikilia kimo ulichokuwa nacho. Mwendo ukirudi, anza kusikiliza tena. Iko kanuni ya jinsi hiyo kwa mahali ambapo tochi inavuka mfereji uliokwisha kukatwa, ambapo volteji huruka ghafla kwa kuwa chini hakuna chuma. Iko pia kwa sekunde za kwanza baada ya kutoboa, kabla moto haujatulia.

Kwa maneno mengine, mashine inayojirekebisha vizuri ni ile iliyofundishwa pia lini isijirekebishe.

Mwaka 1948 Norbert Wiener alipoipa jina elimu ya mifumo inayojiongoza, sibanetiki, alilichota kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Sisi wa pwani tunaweza kuumaliza mfano huo wenyewe. Wimbi hulisukuma gubeti la jahazi upande mmoja, kisha wimbi lenyewe likapita na gubeti kurudi. Nahodha mgeni hupambana na kila msukumo, na njia anayoiacha nyuma yake huwa imepindapinda. Nahodha mzoefu huacha baadhi ya misukumo ipite. Anayemtazama kutoka ufukweni anaweza kudhani amesinzia.

Ila hapa pana hatari kubwa, na nisipoitaja nitakuwa nimeandika insha ya kuwafurahisha wakaidi. Kila asiyetaka kuambiwa ukweli husema yuko kwenye kona. Mume anayelewa kila siku atasema kipindi hiki kigumu. Kiongozi anayekosolewa atasema takwimu hizo hazizingatii mazingira. Mwanafunzi anayefeli atasema mtihani haupimi akili yake. Tukishakubali kwamba kuna wakati dalili hazipaswi kusikilizwa, tumempa kila mtu ufunguo wa kufungia sikio lake.

Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda, na nadhani jibu limo ndani ya ile kanuni ya kona yenyewe, kwa kuwa ina masharti matatu ambayo mkaidi hawezi kuyatimiza. La kwanza, iliandikwa kabla ya kona. Mashine haikuamua kupuuza volti baada ya kuona zimepanda; uamuzi ulifanywa mapema, na mtu ambaye hakuwa amebanwa na lolote. La pili, inategemea sababu inayojulikana na inayopimwa kwa njia nyingine. Anayesema niko kwenye kona anatazama mwendo, kitu tofauti na ile volteji inayomshtaki. La tatu, ina mwisho wake ndani yake. Mwendo ukirejea, masikio yanafunguka bila mtu kuomba.

Mlevi wetu hana hata moja. Aliipata kanuni yake baada ya kulaumiwa. Ushahidi pekee wa kona yake ni ile lawama. Na kona yake haina upande wa pili.

Ukiyashika masharti hayo matatu, utagundua kwamba wazee wetu walikuwa na kanuni za kona muda mrefu kabla ya kompyuta. Katika mapokeo ya Kiislamu kadhi hatakiwi kuhukumu akiwa na hasira. Hakuna anayesema akili ya kadhi haifai. Inafaa, ila hasira hubadilisha maana ya anachokiona, na hilo liliamuliwa kabla kesi haijaletwa. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na pamoja na sababu zake nyingine, katika muda huo hakuna anayeruhusiwa kumposa waziwazi wala yeye kufunga ndoa. Familia nyingi husubiri arobaini ipite ndipo zizungumze habari za nyumba ya marehemu. Desturi hizi hazimwambii mtu kwamba hisia zake ni za uongo. Zinamwambia ashikilie kimo alichokuwa nacho mpaka atoke kwenye kona, na zinamhesabia siku.

Mwenzetu mmoja darasani alifiwa na baba yake katikati ya muhula. Alama zake zilianguka, naye akatoa hitimisho ambalo kila mwaminifu angelitoa: sikuumbiwa masomo haya, narudi nyumbani. Alikuwa anajirekebisha. Alama zilikuwa halisi. Mhadhiri aliyemsimamia hakumbembeleza kwamba ana akili. Alimwambia tu, “Barua ya kuacha masomo naipokea, lakini siyo kabla ya arobaini.” Hiyo ndiyo kanuni ya kona ikitumiwa na mtu mwenye busara: sababu inajulikana, tarehe inajulikana, na baada yake alama zitasikilizwa kama kawaida, hata kama zitasema aondoke.

Laiti tatizo lingekuwa kona peke yake. Kona angalau inaonekana kwenye mchoro. Kuna upotovu mwingine ambao huja polepole, na huo ndio uliotuletea kesi karakanani.

Katikati ya elektrodi ya shaba kuna punje ya madini yanayoitwa hafniamu, ambayo ndiyo inayotoa umeme. Kila mara moto unapowaka, punje hiyo huliwa kidogo na kuacha kishimo. Kishimo kikiongezeka, moto huanzia ndani zaidi, kwa hiyo safu yake ni ndefu hata kama kimo cha tochi hakijabadilika. Volteji hupanda. Ukiwa umeiambia mashine ishike volti 120, itazipata kwa njia pekee inayoijua: itaishusha tochi. Leo kidogo, kesho kidogo. Skrini itaonyesha 120 wakati wote, na ncha itakuwa inalikaribia bamba siku hadi siku. Huu ni uongo usio na mwongo.

Aristotle alisema kwamba kadiri iliyo sawa kwetu si ile ya hesabu. Mlo unaomtosha Milo mpiga mieleka ni mwingi mno kwa anayeanza mazoezi. Hivyo huwezi kuchukua nusu kati ya kingi na kidogo ukampa kila mtu. Volti 120 za elektrodi mpya na volti 120 za elektrodi iliyochoka ni namba moja na vimo viwili.

Sasa, elektrodi na nozo huagizwa kutoka nje na bei yake inauma. Mwenye karakana aliona zinakwisha haraka, akaanzisha daftari. Kila anayechukua kifaa huandikwa, na mwisho wa mwezi aliyetumia vichache hupewa nyongeza kidogo. Nia yake haikuwa mbaya. Fundi makini kweli hutumia vifaa vichache: hapigi bamba, hawashi moto ovyo, hukausha hewa ya kompresa. Uchache wa vifaa ni dalili ya umakini, kama mawingu na mvua.

Kijana wetu alichukua nyongeza hiyo miezi miwili mfululizo. Mwezi wa tatu aliniita, “Dada, njoo uone, siku hizi inazama hata kwenye mstari mnyoofu.” Kabla ya saa sita mchana tochi ilikuwa imepiga bamba mara mbili, na paneli ya geti la mteja ikaharibika ikiwa imebaki theluthi moja kumalizika. Mwenye karakana alitaka bei ya bamba ikatwe kwenye mshahara, kwani daftari lilionyesha kwamba vifaa havina tatizo. Kijana alikuwa mtunzaji kuliko wote, basi lazima alikuwa mzembe siku ile.

Fundi mkuu, ambaye huchomelea na hana habari na kompyuta, aliifungua tochi, akaiweka elektrodi mezani. Kishimo kilikuwa kirefu kupita kiasi. “Mzee,” alisema, “huyu kijana hajakuibia. Kakuletea ulichomwomba.”

Mwaka 1975 mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart, akiandika juu ya sera ya fedha, alionyesha kwamba uhusiano wa takwimu unaoaminika huelekea kuvunjika pale watawala wanapoufanya nyenzo ya kudhibitia. Watu wengi huitumia kanuni yake kuwasema wadanganyifu: walimu wanaofundisha mtihani tu, maofisa wanaopika ripoti. Kilichonigusa katika kesi yetu ni kwamba hapakuwa na mdanganyifu. Kijana hakuficha kitu. Alijirekebisha kwa kufuata daftari kama tochi ilivyojirekebisha kwa kufuata volti, na vyote viwili vilizama pamoja kwa sababu moja.

Kwa hiyo lawama iende wapi? Nadhani iende kwa cheo, siyo kwa mtu. Anayemwekea mwingine dalili ya kufuata anabeba deni la kuitunza dalili hiyo. Saidia fundi hakuwa na uwezo wa kuamua kwamba daftari limeacha kusema kweli. Angeanza kubadilisha elektrodi kila aonapo inafaa, angeonekana mharibifu na kukosa nyongeza. Kumtaka ajue lini asitii, huku ukimwadhibu kila asipotii, ni kumtwisha mzigo usiomhusu. Mashine hatuilaumu kwa kuzama konani; tunamuuliza aliyepanga viwango. Binadamu anastahili angalau haki tunayoipa mashine.

Mwenye karakana hakukata mshahara. Alifuta nyongeza, na siku hizi elektrodi hubadilishwa kwa kutazama kina cha kishimo, zilizochoka zikatupwa kwenye kopo ambalo kila mtu analiona. Kijana alikaa wiki sita zaidi, kisha akahamia karakana nyingine Buguruni. Aliaga vizuri. Lakini mtu akishahesabiwa kuwa mzembe mbele ya wenzake kwa sababu ya utiifu wake, kuombwa radhi hakumrudishi alipokuwa.

Kabla hajaondoka alinionyesha kitu alichojitengenezea: kipande cha chuma alichokisugua mpaka kikawa na unene wa milimita 1.5 kamili. Kila asubuhi alikuwa akikata mstari mfupi mnyoofu kwenye bamba la takataka, anasimamisha mashine katikati kabla tochi haijapanda, anazima umeme, kisha anakipitisha kile kipande chini ya ncha. Kikipita kwa kusugua kidogo, volti 120 bado zina maana ile ile. Kisipopita, anabadilisha elektrodi, au anabadilisha namba.

Wengi wetu tunaosoma haya tunaongozwa na namba ambazo wengine wametuwekea: wastani wa alama, idadi ya wafuasi, kiasi kilichobaki kwenye simu tarehe 25. Sina haja ya kusema namba hizo ni mbaya. Bila dalili tungekuwa tochi iliyofungwa kwenye kimo kimoja, na bamba la maisha halijanyooka kiasi hicho. Nasema tu kwamba kuifuata dalili ni nusu ya uadilifu. Nusu nyingine ni kujua dalili hiyo inasema habari za nini leo, na hilo huwezi kulijua kwa kuitazama dalili yenyewe. Inabidi kusimamisha mashine, kuinama, na kupima nafasi.